Je, wajua kwa nini safari ya saa na nusu kwenye Elite Dangerous siku hizi ni dakika tu?

Kama hujawahi kulicheza, Elite Dangerous ni gemu la Waingereza wa Frontier Developments, lilitoka Desemba 2014, na ndani yake wameiweka galaksi yetu hii hii nzima, nyota kama bilioni 400, kwa saizi yake halisi. Hapo kwenye saizi halisi ndo palikuwa na shida.

Kuruka toka nyota moja hadi nyingine ni fasta, sekunde kadhaa tu. Kazi inaanza ukishafika, maana unatokea pembeni ya jua la pale na stesheni unayoitaka iko kule mbali, kwa hiyo unasafiri kwa supakruzi, ambayo spidi yake inategemea mvuto, ukiwa karibu na jua au sayari inakubana na ukitoka mbali inapanda polepole hadi mara 2001 ya spidi ya mwanga. Inasikika kubwa eeh? Sasa nenda Hutton Orbital kule Alpha Centauri, iko mwaka wa mwanga 0.22 kutoka unapotokea, yaani mwanga wenyewe unatembea kama siku 80. Ilikuwa inakula karibu saa na nusu, unaelekeza meli, unaenda kupika, unakula, unaosha vyombo, ukirudi bado.

Mei 2024 ikaja injini mpya ya SCO (Supercruise Overcharge, yaani supakruzi iliyoongezewa nguvu). Unabonyeza kitufe, meli inavunja ile breki ya mvuto na kuchomoka, ila mafuta yanakatika huku unayaona, joto linapanda, na meli za zamani zinatikisika mpaka usukani haushikiki. Joto likipita asilimia 100 vifaa vinaanza kuungua. Meli mpya ya Python Mk II, iliyotoka nayo pamoja, imeundwa kwa ajili ya hiyo injini kwa hiyo inatulia na inakunywa kidogo.

Kwangu mimi badiliko kubwa sio spidi yenyewe. Zamani umbali ulikuwa unaulipia kwa muda, sasa unaulipia kwa mafuta. Misheni ikikupeleka stesheni ya mbali sana watu walikuwa wanaipita tu hata kama hela ni nzuri, sasa hivi unaangalia tenki kwanza, likitosha unachukua. Maharamia nao wamepata tabu, maana ili wakuvute kutoka supakruzi lazima wakae mgongoni kwako, na we ukibonyeza tu wanabaki wanakodoa.

Ila kupitiliza kituo sasa ni kila siku. Kawaida zikibaki sekunde 7 kufika unashusha gia hadi asilimia 75 na meli inajipanga yenyewe, lakini ukiwa umebonyeza SCO ile sekunde unayopepesa macho stesheni ishakuwa nyuma. Na ukiishiwa mafuta kabisa katikati ya giza kuna Fuel Rats, wachezaji wenzetu ambao tangu 2015 wanakufuata na kukujazia bure kabisa.

Halafu kuna ule utani wa wakongwe, wanamwambia mgeni nenda Hutton, kule wanagawa meli ya Anaconda bure. Hakuna kitu, kuna vikombe vya kumbukumbu tu. Zamani uligundua umepigwa baada ya saa na nusu, sasa hivi kama tenki linatosha unagundua kabla chai haijapoa.