Je, Wajua? Kwa Nini Mbwa Mkubwa Huzeeka Mapema

Tembo huweza kufikisha miaka 60, panya hapiti miwili au mitatu. Kwa wanyama wengi ndivyo ilivyo: mwenye mwili mkubwa huishi zaidi. Kwa mbwa mambo ni kinyume. Kijibwa cha kubebwa kwapani hufika miaka 14 au 15, ilhali Great Dane, ambaye akisimama kwa miguu ya nyuma anampita mtu mzima kwa urefu, mara nyingi hafikishi hata 10.

Hapa Dodoma jambo hili limeingia majumbani. Tangu serikali ilipoanza kuhamia mwaka 2016, nyumba zenye ukuta na geti zimeongezeka Nzuguni, Iyumbu, Kisasa na kwingineko, na nyuma ya geti siku hizi utamkuta German Shepherd, Rottweiler, Boerboel wa asili ya Afrika Kusini, au machotara wao. Mimi ninaye chotara wa Boerboel, Simba, niliyemlea tangu akienea kwenye ndoo ya lita kumi.

Kinachowamaliza mbwa wakubwa huenda ni kasi ya kukua. Mtoto wa Great Dane huzaliwa akiwa hajafika kilo moja, na baada ya mwaka mmoja na nusu ana kilo 50 au zaidi. Binadamu azaliwaye na kilo tatu huhitaji karibu miaka 20 kufika kilo 60. Ili mwili uumuke hivyo, seli hugawanyika kwa wingi na kwa haraka, na kila zinapogawanyika kosa linaweza kutokea. Makosa hayo yakilimbikizana ndipo saratani huanza. Saratani ya mifupa, kwa mfano, huwaandama zaidi mbwa wakubwa. Mwaka 2007 watafiti walionyesha kwamba jeni ya homoni ya ukuaji iitwayo IGF-1 inachangia sana kuamua mbwa awe mdogo au mkubwa. Na kwa panya wa maabara imeonekana kuwa wale ambao homoni hiyo iko chini mwilini huzeeka polepole. Yaani kile kinachompa mbwa kifua kipana huenda ndicho kinachompunguzia siku.

Mifupa nayo hulipa gharama. Uzito hutangulia kabla viungo havijakomaa. Kichwa cha mfupa wa paja hakikai sawasawa kwenye kikombe cha nyonga, kinachezacheza, gegedu inalika, maumivu yanaanza. Ugonjwa huu wa nyonga hurithiwa, lakini unene na kukuzwa haraka huuzidisha. Hapa ndipo wengi tunapowaumiza kwa mapenzi. Tunasema mbwa ana mwili mkubwa, basi aongezewe mifupa. Mimi nilikuwa namkorogea Simba kijiko cha unga wa mifupa juu ya ugali wenye dagaa, kila siku, hadi daktari wa mifugo alipoiona miguu yake ya mbele imeanza kupinda akanikataza. Mtoto wa mbwa mkubwa hana uwezo mzuri wa kuizuia kalsiamu iliyozidi isiingie mwilini, na ikizidi inauharibu mfupa unaokua. Nyama tupu nayo haimfai, kwa kuwa ina kalsiamu kidogo mno. Anachohitaji ni chakula chenye uwiano, na akue akiwa mwembamba kiasi, hata majirani wakisema unamnyima.

Simba alipofikisha miaka mitano, asubuhi moja ya Julai, baridi ya Dodoma ikiwa kali, kijana wa getini aliniita: "Mama, Simba hainuki." Alikuwa juu ya sementi. Alitanguliza miguu ya mbele, akavuta ya nyuma, ikateleza, akatulia akihema, akajaribu tena. Viwiko vyake vilikuwa na sugu nyeusi, ngumu kama kisigino cha mkulima. Siku hiyohiyo nilimtandikia godoro kuukuu.

Kuna hatari nyingine inayoua ndani ya saa chache: tumbo kujipinda. Mbwa wa ulinzi wengi hulishwa mara moja, jioni, sinia la ugali na utumbo, kisha hufunguliwa wakimbie. Kwa mwenye kifua kirefu, tumbo huweza kujaa gesi, likajizungusha na kukata njia ya damu. Utamwona anataka kutapika na hakitoki kitu, mate yanamchuruzika, hatulii, tumbo gumu kama ngoma. Hapo usimpe mafuta wala maziwa. Mkimbize kwa daktari anayeweza kupasua, na huyo daktari umjue kabla. Ili kupunguza hatari, gawanya chakula mara mbili au tatu, na akishakula apumzike.

Joto la Oktoba na Novemba pia ni adui. Mbwa hupoa hasa kwa kuhema, na mwili mkubwa hukawia kuachia joto. Joto lake la kawaida ni nyuzi 38 hadi 39. Likipita 41, ubongo na figo huanza kuumia. Banda la bati saa nane mchana ni tanuri. Tembe la Kigogo, lenye paa la udongo, lina ubaridi wakati huo, na mbwa wa kijijini hujichimbia shimo chini ya mti. Kivuli cha mti na karai la maji vina thamani kuliko banda la gharama.

Kuhusu fedha nitasema kidogo tu: dawa nyingi hupimwa kwa uzito. Ile ya minyoo ya kidonge kimoja kwa kilo 10, Simba humeza sita.

Sasa ana miaka saba na mdomo umeota mvi. Anakula nusu asubuhi na nusu jioni, kisha hulala godoroni. Gari likipiga honi getini bado huamka, miguu ya mbele kwanza, nasi tunamsubiri.