Chai ya Tangawizi Haifiki Mapafuni

Kuanzia Juni, Dodoma huingia baridi ya asubuhi na upepo mkavu unaopeperusha vumbi, na Julai ikifika karibu kila nyumba ina mtu anayekohoa. Msimu huo sufuria ya mchaichai na tangawizi haitoki jikoni. Chai yenyewe ni nzuri. Tatizo ni maneno yanayoisindikiza.

Neno kubwa ni kwamba chai hii "inasafisha mapafu". Haiwezi, kwa sababu haifiki huko. Unachomeza kinashuka tumboni; tone likipotea njia kuelekea mapafuni, utapaliwa mpaka machozi yakutoke. Nafuu unayoipata inatokana na joto na majimaji yanayolainisha koo lililokauka, asali inayotuliza mwasho, na mvuke unaouvuta puani kikombe kikiwa mdomoni. Ni nafuu ya kweli, ila ni ya koo na pua. Vumbi lililopita hapo huondolewa na mwili wenyewe: ute hulinasa, na vinyweleo vidogo mno kwenye njia ya hewa huusukuma ute huo kuja juu. Moshi hudhoofisha vinyweleo hivyo. Kwa hiyo anayechemsha chai ya kifua kwenye jiko la kuni ndani ya chumba kilichofungwa anajenga huku akibomoa. Mkaa nao, hata usipotoa moshi, hutoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na harufu inayoweza kuua watu wakiwa usingizini.

"Ikikuunguza ndiyo inafanya kazi." Hapana. Mwaka 2016 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliweka vinywaji vya moto unaozidi nyuzi 65 za Selsiasi kwenye kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani ya umio, yaani njia ya chakula toka kooni hadi tumboni. Subiri kidogo.

Wala si lazima iwe chungu. Kwa vikombe vitatu vya maji, twanga tangawizi ya ukubwa wa kidole gumba, kunja mabua mawili ya mchaichai uyafunge fundo, kisha chemsha taratibu kama dakika kumi huku umefunika. Mfuniko ni muhimu: ile harufu iliyojaa nyumba nzima imeshatoka kwenye chai yako. Epua, chuja, acha ipoe kidogo, ndipo utie asali na limau.

Kuhusu asali, wapo wanaoapa kwamba ikiguswa na maji ya moto inageuka sumu. Haigeuki, inapoteza harufu yake tu, na kwa asali nzuri ya Manyoni au Itigi hiyo ni hasara tosha. Hatari iko kwingine, na haisemwi sana: mtoto ambaye hajatimiza mwaka asipewe asali kabisa, hata ya kuchovya kidole. Inaweza kubeba vijidudu vinavyoleta botulizimu, ugonjwa unaolegeza misuli hadi ile ya kupumulia, na mbegu zake hazifi kwa kuchemshwa kwenye sufuria. Aliyevuka mwaka, kijiko kimoja usiku humpunguzia kikohozi.

Maziwa hayaongezi makohozi, yanafanya mate yawe mazito kidogo tu. Anayependa chai ya maziwa yenye tangawizi anywe.

Kupiga nyungu, yaani kujifukiza, kwa majani ya mkaratusi hufungua pua iliyoziba, lakini hakuui virusi mwilini, hata kama mwaka 2020, wakati wa korona, tuliambiana kwamba huua. Mtoto usimfunike shuka pamoja na chungu cha maji yanayochemka. Akikipiga teke ataungua vibaya. Na mafuta ya mkaratusi hayanywewi, ni sumu.

Halafu kuna ile kauli ya "ni vumbi tu la Dodoma, litaisha upepo ukitulia". Kikohozi cha wiki mbili au zaidi kinahitaji kipimo cha kifua kikuu, hasa kikiambatana na kukonda, homa na jasho la usiku, na vituo vya serikali hupima na kutibu bure. Mwenye pumu anywe chai yake na pampu iwe mfukoni. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda amuulize daktari kabla ya kuzoea tangawizi nyingi kila siku. Mtoto anayehema haraka, mbavu zikibonyea ndani kila akivuta pumzi, apelekwe hospitali saa hiyohiyo, sufuria ibaki jikoni.