Mto wa barafu mkubwa kuliko yote hauko Himalaya

Sisi tuliozoea kuona barafu juu ya Kibo huamini kwamba barafu ni kofia ya mlima: mlima ukiwa mrefu, na barafu yake huwa kubwa. Ndiyo maana ukiuliza mto wa barafu, yaani barafu nene inayosogea polepole kwa uzito wake, mkubwa kuliko yote duniani uko wapi, wengi watakujibu Himalaya. Uko Antaktiki, unaitwa Lambert. Urefu wake ni kilomita 400 hivi, na upana unafika kilomita 100. Barafu yote ya Kibo mwaka 1912, kabla haijapukutika, ilikuwa takriban kilomita 12 za mraba. Ingepotea kwenye kona moja tu ya Lambert.

Basi huko theluji huanguka usiku na mchana? Hapana, na hili hunishangaza kila nikilifikiria: katikati ya Antaktiki ni jangwa. Theluji ya mwaka mzima, ukiiyeyusha, ni sentimita chache tu za maji. Ila haiyeyuki. Ya mwaka huu hulala juu ya ile ya mwaka jana, na uzito huishindilia mpaka ikawa barafu ngumu. Mahali paitwapo Dome C wanasayansi walitoboa zaidi ya kilomita 3 kwenda chini, wakafikia barafu yenye umri wa miaka 800,000. Theluji ikishindiliwa hivyo hunasa hewa ya zama zake. Ndiyo maana kipande kilichomeguka kwenye mto wa barafu kikitiwa kwenye glasi ya maji hutatarika: ni viputo vya hewa ya kale vinavyopasuka.

Kosa jingine limo hata kwenye maandishi mengi, kwamba Fedchenko wa Tajikistan, wenye kilomita 77, ndio mrefu kuliko yote nje ya maeneo ya ncha za dunia. Kusini mwa Alaska, nje kabisa ya Aktiki, kuna Hubbard wenye kilomita 122 hivi. Bering, ukihesabiwa pamoja na uwanda wa barafu wa Bagley unaoulisha, unakaribia 190.

Wala ukubwa si kasi. Jakobshavn wa Greenland ni mdogo sana mbele ya Lambert, lakini kiangazi cha 2012 ulipimwa ukisogea zaidi ya mita 40 kwa siku moja. Lambert huchukua wiki kadhaa kumaliza umbali huo.