Nati ya loki imegoma kutoka? Yale watu wanayoambizana na ukweli wenyewe

Nati ya loki ni ile moja kwenye kila gurudumu isiyofanana na wenzake, badala ya pembe sita ina mifereji ya ajabu ajabu na inakubali ufunguo wake tu, yani kisoketi chenye meno yanayoingia kwenye hiyo mifereji. Imewekwa kuwasumbua wezi wa rimu. Kila mtu ana dawa yake ya kuitoa ikigoma, na nyingi ya hizo dawa ndo zinazoigeuza kazi ya dakika kumi kuwa ya kutwa nzima afu unanunua na rimu. Wacha tuzipitie.

"Ufunguo umepotea, hapo ni kuvunja tu"

Tulia kwanza, tafuta. Droo ya dashibodi, mfuko wa jeki, chini ya spea tairi kwenye lile sponji, mifuko ya milango. Ukikosa kote mpigie fundi wa mwisho kugusa hayo matairi, manake mara nyingi ufunguo umebaki umenasa ndani ya soketi yake na mwenyewe hana habari. Pia funguo nyingi zimegongwa kodi, yani namba au herufi za kuutambulisha ufunguo huo, na seti ikiwa mpya inakujaga na kakadi kenye kodi hiyo hiyo, kale ambako watu wanakatupa pamoja na boksi au kamelala kwenye kitabu cha gari. Ukiwa na kodi unaagiza mwingine kwa wakala au kwa waliotengeneza nati. Na hata bila kodi, gereji zinazoshughulika sana na aina moja ya gari zinakuwa na seti nzima ya funguo, wanajaribisha mmoja baada ya mwingine mpaka unaoingia.

Ila uingie kweli. Kuna watu wanachukua ufunguo wa gari lingine unaofanana fanana, unaingia nusu, wanasema si umeingia bana, wakivuta mara moja tu mifereji imeshaliwa na sasa hata ufunguo halali ukipatikana hauna pa kushika.

"Ikigoma ongeza bomba refu, nguvu ndo kila kitu"

Hii ndo mama wa matatizo yote kwaiyo tukae hapa kidogo.

Unapokaza nati ya gurudumu, sehemu ndogo sana ya nguvu yako ndo inayobana gurudumu lenyewe. Hesabu wanayotumia mafundi ni kwamba kama nusu inaliwa na msuguano pale nati inapokalia rimu, kama asilimia 40 inaliwa kwenye thredi (ile mizunguko ya kufungia), na kama asilimia 10 tu ndo inabaki kubana. Maana yake ni kwamba nati iliyogoma mara nyingi imeshikwa kwenye kikalio, chuma kimejikandamiza kwenye rimu, hasa kama aliyeifunga alitumia mashine ya upepo bila kupima. Magari mengi madogo yanataka mkazo wa kati ya newton mita 80 na 140 hivi, na mashine kubwa ya upepo inapita hapo kabla hujapepesa jicho.

Sasa ufunguo wa loki ni kitu kidogo chenye meno membamba, chuma chake ni kigumu lakini kigumu maana yake pia ni rahisi kupasuka. Ukiweka bomba la mita nzima afu ukaruka juu yake, haitoki nati, linatoka jino. Na mara nyingi ufunguo haukushindwa kwa sababu nati imekaza sana, ulishindwa kwa sababu haukukaa sawa.

Chungulia ndani ya ile mifereji kwa tochi. Utakuta tope gumu, vumbi la breki, saa nyingine na kajiwe. Chukua kibisibisi kembamba kwangua mfereji mmoja mmoja, malizia na mswaki wa zamani. Ingiza ufunguo, ugonge taratibu na nyundo mpaka uzame, utasikia mlio unabadilika, kutoka ule wa kukwaruza unakuwa mlio mkavu wa chuma kimekutana na chuma. Utikise kushoto kulia, kama unacheza bado haujakaa. Afu unapovuta spana, mkono wa pili ubaki umekandamiza kichwa cha ufunguo usipinde, na kama umetumia ekstensheni, kile chuma cha kurefushia soketi, weka stendi chini yake ikae usawa, manake ekstensheni inayoning'inia ndo inayoviringisha ufunguo utoke nje. Vuta polepole kwa uzito wa mwili, usishtue shtue. Gari liwe chini, matairi yamegusa ardhi, hendibreki juu.

Kingine ambacho wengi hawakijui: kama umeshalegeza nati zote ukabakiza loki, umeipa mzigo wote peke yake. Rudisha zile nyingine, zikaze kwa kiwango chake kabisa, ndo ujaribu loki. Inapunguziwa mkazo na saa nyingine inaachia hapo hapo. Kwaiyo siku nyingine loki iwe ya kwanza kulegezwa, sio ya mwisho.

"Tumia mashine ya upepo, itatoka fasta"

Kwenye nati za kawaida sawa. Kwenye ufunguo wa loki hapana, zile ngumi ngumi za mashine ndo zinapasua ufunguo, na ndo hizo hizo zilizokaza nati mwanzoni. Watengenezaji wengi wa hizi nati wanasema kabisa ufunguo ni wa mkono tu, kufunga na kufungua.

"Mwagia WD-40, acha mpaka asubuhi"

Haidhuru, ila usiitegemee sana. Nati nyingi za magari madogo zimezibwa mbele, thredi iko ndani huko mafuta ya kupuliza kwa mbele hayafiki. Kama gari lako linatumia bolti badala ya nati, thredi iko ndani ya habu, kile kitovu ambacho gurudumu linafungwa, nyuma ya rimu, ndo kabisa. Kinachoweza kufika ni kile kinachopenya pembeni kwenye kikalio, kidogo. Mimi napuliza nikiwa nasafisha mifereji basi, siishi kwa matumaini. Na usilowanishe diski na pedi za breki, hilo nalo ni tatizo lingine kubwa kuliko nati.

"Ichome na gesi ipanuke"

Acha. Kwa kweli acha. Rimu ya aloi ni aluminiamu iliyopikwa kwa joto maalum kupata nguvu yake, ukiichoma na moto wa gesi unaiharibia ile nguvu kabla hata haijabadilika rangi, kwaiyo utaiangalia utasema iko poa na haiko poa. Tairi lenyewe ndo usiseme, tairi lililofungwa kwenye rimu likipata joto kali linaweza kulipuka, na kutoa upepo hakuondoi hatari yote kwa sababu raba ikiungua ndani inazalisha gesi. Watu wamekufa kwa hili, hasa kwenye magari makubwa.

Kuna ile ya kuchomelea nati ya kawaida juu ya loki kwa weldingi afu unaitoa na spana. Inafanyika na inafanya kazi, joto lake linakaa sehemu ndogo, lakini ni ya mtu anayejua: betri imechomolewa, waya wa ethi umebanwa karibu kabisa na nati ili umeme usipitie kwenye beringi, na sensa ya ABS (mfumo unaozuia breki kufunga tairi) inafikiriwa. Sio ya jirani mwenye mashine ya kuchomelea mageti.

"Gongelea soketi ndogo, loki zote zinatoka hivyo"

Nyingi zinatoka, sio zote. Unachukua soketi ndogo kidogo kuliko nati, unaigongelea inang'ata, unavuta. Bora zaidi ni zile soketi za kung'olea, ndani zina meno yaliyojipinda yanayozidi kung'ata kadri unavyozungusha kufungulia. Zinauzwa kwa seti na hii ndo pesa bora kutumia kwenye shughuli nzima.

Wanapokwama ni kwenye loki zenye ringi ya nje inayozunguka bure. Unagongelea, unavuta, ile ringi inazunguka vizuuuri na nati yenyewe haina habari, imetengenezwa hivyo makusudi. Kabla hujagonga chochote ishike kwa koleo uzungushe, kama nje kunacheza lazima ringi iondolewe kwanza au upate kifaa kinachoshika kiini cha ndani. Hapo kama huna vifaa mpelekee anayefanya hizi kazi kila siku.

Soketi iwe zile nyeusi za kazi nzito, sio za kung'aa, za kung'aa zinaweza kupasuka zikigongwa. Na miwani! Chuma kigumu kikigongana na chuma kigumu kinarusha chembe, jicho halina spea. Pia usigonge kama unapigilia nguzo, yale mapigo yote yanaishia kwenye beringi ya gurudumu.

"Basi itoboe na drili"

Inawezekana ikiwa ndo njia ya mwisho. Loki nyingi zimefanywa ngumu kwa juu, misumari ya drili ya kawaida inateleza na kuungua tu, unahitaji ya kobalti au kabaidi, taratibu, na ukipinda kidogo umekula rimu au stadi, ile bolti inayotokeza kwenye habu ambayo nati inafungwa juu yake. Stadi inabadilishika, rimu ya aloi ndo kilio.

"Legeza nati uendeshe gari kidogo, itaachia yenyewe"

Sijui nani alianzisha hii. Kwanza ile ni mbinu ya watu ya kubandua gurudumu lililoshikana na habu, haihusiani na nati iliyogoma. Pili hata huko ni hatari, unaweza kukata stadi au gurudumu likachomoka. Hapana.

"Imetoka salama, rudishia"

Iliyogongwa au kuliwa mifereji hairudi. Ila usinunue nati yoyote tu kwa kuangalia ukubwa wa spana. Toyota na Honda nyingi ni M12 (unene wa stadi, milimita 12) yenye pichi 1.5 (milimita kutoka mzunguko mmoja wa thredi mpaka unaofuata), Nissan, Subaru na Suzuki nyingi ni M12 pichi 1.25, Volkswagen nyingi za sasa ni bolti za M14 pichi 1.5. Ya 1.25 kwenye stadi ya 1.5 inaingia mizunguko kidogo kwa mkono afu inakaza, asiyejua anaongeza mashine na stadi imekwisha. Na kikalio nacho: kuna cha koni, kuna cha duara kama mpira, kuna bapa chenye washa. Rimu yenye kikalio cha duara ukaiwekea nati ya koni itakaza mkononi lakini inagusa sehemu ndogo tu, na barabarani inalegea.

Grisi kwenye thredi? Magari mengi yanataka thredi kavu na safi. Ukipaka, msuguano unapungua, kwaiyo toki renchi (spana inayopima mkazo) ikilia kwenye namba ile ile wewe tayari umeshaivuta stadi kupita kiasi. Fuata kitabu cha gari.

Na wanaosema loki inazuia wezi kabisa, hapana, inawachelewesha. Soketi ya kung'olea nao wanaijua. Kama rimu zako ni za chuma za kawaida mi naona hata huhitaji loki, weka nati za kawaida zote upumzike.

Ukibaki nazo, anzisha nati zote kwa mkono, kaza kwa msalaba (moja, afu inayoikabili upande wa pili), malizia na toki renchi, rudia kupima baada ya kilomita 50 mpaka 100. Ukipeleka gari kwa mtu wa matairi mwambie loki afunge kwa mkono, na usiondoke kabla hujaona ufunguo umerudi kwenye droo.