Oili nyeusi si oili mbovu

Jamani hii ya ati oili ya injini ya dizeli ikishakua nyeusi imekufa tuiwache. Juzi huku Likoni jamaa wa mashine ya kusaga kamwaga oili ya siku tatu, pesa zimeenda hivo hivo, roho iliniuma. Dizeli ikiungua hutoa masizi, na oili kazi yake ni kuyabeba yasigande kwa pistoni na ringi, sasa ukiweka mpya masaa machache tu ushaiona nyeusi tii, hapo iko kazini. Ya kubadilisha oili, hesabu masaa ya kazi kama kitabu cha mashine kinavosema, sio rangi.

Rangi ya kuogopa ni ile ya chai ya maziwa, maji yameingia hayo, na nyinyi wa mashua mwajua maji ya chumvi hayana huruma na beringi. Na oili ikipanda juu ya alama ya kijiti cha kupimia na hujaongeza, ukinusa wasikia dizeli, zima usiwashe tena! Injini yaweza kuinyonya hiyo oili ikapiga mbio yenyewe, hata ukikata dizeli haizimiki. Pima asubuhi kabla hujawasha, mashine ikiwa imekaa sawa.