Ultrasaundi, MRI, PET: kila kipimo cha tezi dume na kazi yake

Wazee wengi wanaofika kwangu wameshika karatasi ya ultrasaundi iliyoandikwa "tezi dume imekuwa kubwa", na wote huuliza: daktari, ni saratani? Karatasi ile haina jibu. Ultrasaundi ya tumboni hupima ukubwa wa tezi na mkojo unaobaki kibofuni, basi. Tezi ya gramu 80 yaweza kuwa salama kabisa, na ya gramu 25 ikawa na saratani. Hata ile inayopitishwa njia ya haja kubwa, kazi yake kubwa ni kuongoza sindano ya kuchukua kinyama.

PSA, yaani kipimo cha damu cha protini ya tezi dume, ikipanda, mimi nataka MRI, picha inayopigwa kwa sumaku, tena kabla ya sindano. Utafiti wa PROMIS wa Uingereza, uliochapishwa 2017, uliwapima wanaume 576. Kwa wale waliokuwa na saratani ya hatari, MRI iliigundua kwa asilimia 93. Sindano ya kawaida ya ultrasaundi kwa asilimia 48. Kwenye picha, ukanda wa nje wa tezi yenye afya hung'aa, na uvimbe hutokea kama doa jeusi. Shida ni kwamba damu inayovujia humo baada ya sindano nayo huleta weusi, hivyo inatubidi tungoje kama wiki sita. Mgonjwa aliyechomwa Jumatatu akaletwa MRI Ijumaa, namsomea picha kwa mashaka. Na ile alama ya 1 hadi 5 kwenye ripoti si hatua ya ugonjwa. Ni kiwango cha shaka yetu tu. Maambukizi ya zamani nayo huweza kutoa doa, kwa hiyo kinyama bado kinahitajika.

Saratani ikithibitika, ndipo tunauliza imesambaa wapi. CT, picha ya eksirei ya tabaka kwa tabaka, huzihukumu tezi za limfu kwa ukubwa, na tezi ndogo yenye saratani huiponyoka. Skani ya mifupa, inayopigwa baada ya kuchoma mshipani dawa yenye mnururisho kidogo, huonyesha popote mfupa unapojijenga upya, iwe ni saratani, baridi yabisi au mbavu iliyovunjika zamani. Tena kuna picha moja ya hila: mifupa yote imeng'aa sawasawa, inapendeza, ila figo hazionekani. Hapo saratani imeenea mifupa karibu yote na kunyonya dawa yote.

PET ya PSMA nayo ni picha ya dawa yenye mnururisho, inayofuata PSMA, protini iliyojaa kwenye seli za saratani hii. Utafiti wa proPSMA wa Australia, 2020, uliipa usahihi wa asilimia 92, dhidi ya 65 za CT na skani ya mifupa kwa pamoja. Tezi za mate na figo nazo huwaka, hilo ni la kawaida. Saratani chache hazina protini hiyo, nazo hujificha.

Nairobi mashine za PET zipo, lakini bei yake si ya kila mtu. Mwenye saratani ya hatari ya juu asiyeimudu, CT na skani ya mifupa bado zinamfaa. Mwenye PSA chini ya 10 na saratani ya daraja la chini kabisa, mifupa yake siipigi picha.