Je, Wajua? Kwa Nini Ekzosi ya Boti ya Petroli Huuawa na Maji, Wala Si Moto

Maji yalikuwa yamekupwa pale Sahare, Tanga, boti imelala ubavu mchangani. Fundi alichukua bisibisi akaibonyeza kwenye kiwiko cha ekzosi, taratibu, kama mtu anayejaribu embe kama limeiva. Kwa nje kiwiko kilikuwa kizima: rangi nyeusi inang'aa, boliti zote zipo. Ncha ya bisibisi ikazama. Ilipotoka ilikuja na unga mweusi laini, unaopaka vidole kama ncha ya penseli.

Mwenye boti akaguna. "Fundi, hiki si nilikinunua kipya? Hata miaka sita hakijamaliza."

"Sita ya maji chumvi, kaka. Ungekuwa umekifunga kwenye gari ningekushangaa."

Inakuwaje chuma kinachostahimili moto wa petroli kikageuka penseli? Ukilijua jibu, utajua pia uulize nini dukani siku ya kutafuta spea, kwa sababu wengi huuliza bei kwanza, na bei ndiyo jambo la mwisho kabisa.

Ekzosi ya gari ina kazi moja tu, kutoa moshi, na joto lake hupunguzwa na upepo wa barabarani. Boti yenye injini ya ndani imeifungia injini hiyo kwenye chumba chini ya sakafu, jirani na petroli. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo ukivuja hauruki ukaenda zake. Hutuama ngamani, chini kabisa ya boti, ukingoja cheche. Moshi unapotoka kwenye silinda unaweza kuwa na joto la nyuzi 700 au zaidi. Fikiria manifoldi ya gari mle ndani, yaani bomba linalokusanya moshi kutoka silinda zote, imeiva kwa moto, na mvuke ule chini yake. Ndiyo maana mtu akikuambia manifoldi ya lori "inaingia vilevile", mshukuru kwa adabu halafu uondoke.

Manifoldi ya boti ina kuta mbili. Moshi hupita ndani, maji hupita katikati ya kuta, chuma kizima kikavikwa koti la maji. Kutoka hapo moshi hupanda kwenye kipande cha juu ambacho mafundi wanakiita raiza, kisha hugeuka kwenye kiwiko kuelekea chini. Kwenye mdomo wa kiwiko ndipo maji humwagwa ndani ya moshi wenyewe. Joto hushuka ghafla, na kuanzia hapo hadi tezi, nyuma ya boti, mchanganyiko huo unaweza kupita kwenye mpira bila kuuunguza. Ile sauti ya boti ya kubwabwaja nyuma, kama mtu anayesukutua, ndiyo hiyo.

Kwa hiyo uhai wa injini umewekwa kwenye ukuta wa chuma wa milimita chache. Upande mmoja moto, upande wa pili maji ya bahari yenye chumvi kama gramu 35 katika kila lita, tena yamepashwa joto. Chuma cha kalibu, kile kinachoyeyushwa na kumiminwa, kina vipande vidogo vya grafiti ndani yake, ileile ya penseli. Chumvi hukila chuma ikaiacha grafiti, na grafiti hubaki imeshika umbo lilelile la mwanzo. Macho yako yanaona kiwiko, bisibisi inaona unga. Mafundi wengi wa boti za maji chumvi hushauri vipande hivi vibadilishwe kila baada ya miaka mitano hadi saba, vivuje visivuje.

Sasa ukuta ukitoboka. Injini ikiwa imezimwa, daima kuna silinda ambayo valvu yake ya moshi imebaki wazi. Maji yaliyobaki kwenye koti yanateremka kwa utulivu yakaijaza. Asubuhi unakuja, unawasha, stata inatoa "tak" moja na kunyamaza. Waliopo ufukweni wote watakuambia betri imekufa. Inaletwa betri nyingine, kubwa zaidi, na stata inalazimishwa. Maji hayabanani kama hewa. Pistoni ikiyakuta, kinachopinda ni konrodi, mkono wa chuma unaoisukuma. Ukiisikia "tak" hiyo, ondoa mvuke wa petroli kwa kufungua kifuniko cha injini, zima mfumo wa kutoa cheche, chomoa plagi zote, ndipo uzungushe. Kama ni maji, utayaona yakiruka kutoka kwenye tundu la plagi.

Haya, dukani.

Jambo la kwanza kulijua ni maji gani yanapita kwenye injini yako. Kuna injini zinazovuta maji ya bahari yakapita kote, na kuna zenye kizungushio cha maji matamu yenye dawa ya rejeta. Zenye kizungushio nazo ni mbili: baadhi hupeleka maji matamu kwenye bloku, mwili wa injini, tu na kuiachia manifoldi maji ya bahari, nyingine huihifadhi manifoldi pia. Lakini hata hizi za pili, kwa kawaida raiza na kiwiko bado hupata bahari, kwa sababu maji yanayomwagwa kwenye moshi hayarudi. Ndiyo maana kiwiko hufa kabla ya manifoldi, na ndiyo maana mtu anaweza kubadilisha viwiko peke yake. Kama injini yote inakunywa bahari, mimi ningebadilisha seti nzima, pande zote mbili. Kununua upande mmoja wa V8, injini yenye silinda nne kila upande, ni kujiwekea miadi na fundi.

La pili ni namba ya injini. Usiende na maneno "V8 ya lita 5.7". Bloku hiyo ya General Motors imetumiwa na watengenezaji wa injini za boti kama MerCruiser, Volvo Penta, Crusader na wengineo. Boliti zinaweza kukubali kwenye silinda hedi, kisha ukagundua raiza haikai au maji hayana njia. OMC, kampuni nyingine ya injini za boti, ilifilisika mwaka 2000, kwa hiyo mwenye mashine hiyo atategemea spea za watengenezaji wengine, na hao ndio wanaotaka namba kamili. Piga picha ya kibandiko. Kikiwa kimefutika, fungua kipande cha zamani uende nacho, hata kama unavuka mpaka wa Horohoro kwenda Mombasa kukitafuta. Tanga wanasema waja leo, waondoka leo. Spea isiyofanana nayo ina tabia hiyohiyo, isipokuwa nauli unalipa wewe.

La tatu ndilo linalonikera, maana niliwahi kulilipia. Kuna maungio ya aina mbili kati ya manifoldi na raiza. Katika aina ya zamani, moshi na maji hupita kwenye uso mmoja, vikitenganishwa na gasketi tu. Gasketi ikichoka, maji yanaingia njia ya moshi papo hapo. Aina mpya zaidi imeitenga njia ya maji mbali na ya moshi, hivyo ungio likivuja maji hudondoka nje, ukayaona. Aina hizi mbili hazichanganywi. Na hata ndani ya aina moja, gasketi zina siri: nyingine zina matundu yote wazi, nyingine zimezibwa baadhi kwa makusudi ili maji yaelekezwe njia fulani. Mimi nilinunua mbili zilizolingana kwa umbo, nikazifunga usiku kwa tochi. Kesho yake, karibu na kisiwa cha Toten, nikasikia harufu ya mpira unaoungua. Kiwiko cha kushoto ningeweza kukiwekea kiganja. Cha kulia nilikigusa nikarusha mkono. Gasketi ya kulia ilikuwa imeziba matundu ambayo injini ile ilitaka yawe wazi. Tangu siku hiyo gasketi mpya naiweka juu ya ile ya zamani, nazielekeza kwenye jua, nahesabu mwanga unaopita.

Kimo cha raiza watu hukisahau kabisa. Kazi yake ni kuhakikisha maji ya nyuma hayapandi yakarudi kwenye injini. Watengenezaji wengi hutaka sehemu ya juu ya njia ya moshi iwe sentimita 30 na ushee juu ya usawa wa maji, boti ikiwa imebeba. Imebeba, narudia. Boti inayopeleka wageni kisiwa cha Maziwe, na watu kumi, barafu, na madumu ya petroli nyuma, hukaa tezi chini kuliko ilivyokaa siku ulipopima. Ongeza wimbi la kusi linalosukuma kutoka nyuma injini ikiwa imezimwa. Vipo vipande vya kati vya kuinua raiza. Vinauzwa kwa inchi, na bila shaka ni rahisi kuliko bloku.

Kuhusu madini sitakaa sana. Aluminiamu ni nyepesi lakini haipendi maji ya bahari moja kwa moja. Chuma cha pua kinavutia macho, ila kikikaa na maji moto yenye chumvi yaliyotuama hutoboka vitundu, hasa kwenye mshono wa welding. Chuma cha kalibu ni kizito na kina kutu, lakini ni cha bei ya wastani na tabia zake zinajulikana. Kukichomelea kilichotoboka, hapana. Ukuta umeliwa kwa ndani, ukiziba leo hapa kesho kitatoboka pembeni yake. Cha mtumba nacho, angalau uliza kimetoka wapi. Kilichofanya kazi Mwanza kwenye Ziwa Victoria na kilichotoka Pangani si ndugu.

Mpira wa moshi usichukue wa rejeta ya lori, hata kama kipenyo ni kilekile. Tafuta uliotengenezwa kwa ekzosi ya boti, wenye alama J2006, na ufunge klempu mbili za chuma cha pua kila mwisho. Injini ya petroli hutoa kaboni monoksaidi nyingi kuliko ya dizeli. Gesi hiyo ya sumu haina harufu, na ikivuja, abiria wa nyuma akiumwa kichwa na kutaka kutapika, kila mtu atasema bahari imemchafua.

Mashine nyingi za wavuvi wa Deep Sea, hapa Tanga, ni zile za kutundika nyuma, na moshi wake hushuka kupitia mguu wa mashine na kutokea majini. Hizo hazina raiza. Ukuta wake uko ndani ya mwili wa mashine, chini ya kifuniko cha ekzosi na gasketi yake, na hushambuliwa na chumvi ileile. Mashine ikikojoa, yaani ikitema maji yake ya kupoza, kidogo kuliko kawaida, angalia pampu na njia za maji kabla hujamlaumu muuza petroli.

Ukishafunga vipya, jaza maji manifoldi ukiwa bado nchi kavu uone kama usawa unashuka. Kisha nenda majini, tembeza nusu saa, pima pande zote mbili kwa kipimajoto cha kulenga au kwa mkono uliotangulizwa kwa tahadhari. Zikitofautiana sana, maji hayajagawanyika sawa. Rudi, acha ipoe, kaza boliti tena kwa kipimo cha mtengenezaji. Iache usiku ikiwa inaelea, na asubuhi chomoa plagi moja moja kabla ya kugusa swichi, uziangalie ncha zake kama zimelowa.